Majina Kwanza, Mashine Baadaye: Namna ya Kuokoa Kumbukumbu za Shule ya Milimani Kentucky

Swali la msomaji: Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, naishi Lexington, Kentucky, na nimeolewa katika familia ya watu wa milimani, mashariki mwa jimbo hili, katika yale maeneo yanayoitwa Appalachia. Mama mkwe wangu alisoma katika shule ndogo ya bweni ambayo ilifungwa zamani. Jengo lipo bado, kando ya kijito. Wanafunzi wake wa zamani wamebaki wachache, na kwa kuwa nyumbani niliwahi kuwa karani wa shule, wamenikabidhi maboksi 17 yenye barua, picha, madaftari ya mahudhurio na kanda. Boksi moja linanuka siki. Shemeji yangu mdogo anashauri tupige picha zote kwa simu, tuziweke mtandaoni, kisha karatasi tuzichome kwa sababu hatuna pa kuzitunza. Baadhi ya wazee wanataka ziende chuo kikuu, na wengine wamesema hazitatoka mlimani wao wakiwa hai. Nianzie wapi?

Jibu:

Dada yangu, anza na boksi linalonuka siki, tena leo, kisha tutazungumza mengine kwa utulivu. Ndani yake, bila shaka, mna filamu au negativu za plastiki ya asetati. Plastiki hiyo inapochakaa hutoa asidi ileile iliyomo katika siki ya jikoni, na mvuke wake huharakisha kuharibika kwa filamu nyingine zilizo karibu. Litoe katikati ya wenzake, uliweke peke yake katika chumba cha baridi chenye kupitisha hewa, na usilifunge kwa nailoni. Filamu iliyofikia hatua hiyo haiponi. Baridi hupunguza kasi tu, kwa hiyo zilizomo humo ndizo zitakazokuwa za kwanza kunakiliwa utakapofika wakati wa kunakili. Ukikuta filamu za zamani zaidi ambazo zimegeuka kahawia na kunata, acha kuzigusa na umwite mtaalamu, kwa maana filamu za naitreti, ambazo zilitengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, hushika moto kwa urahisi mno.

Sasa shauri la shemeji yako. Nina hakika analitoa kwa nia njema, na kipaji chake cha simu na mitandao utakihitaji baadaye, lakini mwombe kwa upole asichome hata karatasi moja. Picha ya simu ni nakala ya sura ya karatasi, na sura ni sehemu tu ya kile ambacho karatasi inakijua. Chukua daftari moja la mahudhurio. Nimeshika mengi ya namna hii. Shule za mashambani za Kentucky zilikuwa zikifungua muhula mwezi wa Julai ili zifunge kabla ya baridi kali na tope kuziba njia za mabondeni, na ukifunua kurasa za Septemba na Oktoba utaona alama za kutokuwepo zikijipanga mbele ya majina ya wavulana wakubwa, wiki nzima, wakati mahindi yanavunwa na mtama mtamu unakamuliwa ili kupikwa asali yake. Hilo utaliona hata kwenye picha. Lakini ukilishika daftari lenyewe utaona kwamba wino ulibadilika katikati ya mwezi kwa sababu mwalimu alibadilika, kwamba katikati ya kurasa mbili kuna kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne ambamo mzazi anaomba mwanawe aruhusiwe, na kwamba jina moja lilifutwa kwa wembe na jingine likaandikwa juu yake. Mtu anayepiga picha mia mbili kwa saa moja hayaoni hayo. Tena faili la kidijitali si kitu cha kuweka na kusahau. Diski huharibika, kampuni za mtandao hufunga huduma zao, nywila hufa na mwenyewe, na picha isiyo na jina wala maelezo hupotea ikiwa bado ipo, kama sindano ndani ya gunia la mchele. Karatasi nzuri ikiwekwa mahali pakavu itakaa miaka mia na zaidi bila kuhitaji umeme.

Kabla hujapanga chochote, acha kila boksi kama lilivyo. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilipokea majalada ya shule moja ya misheni, nami kwa bidii ya ujana nikayafumua yote: barua zote nikaziweka pamoja, picha zote pamoja, hesabu zote pamoja, nikajiona nimesafisha. Miaka miwili baadaye alikuja mjukuu wa mwalimu mmoja, akaniuliza picha fulani ya wasichana wanne ilikuwa imeambatanishwa na barua ipi, kwa kuwa barua hiyo ndiyo iliyotaja majina yao. Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Mpangilio wa mwanzo, hata ukionekana kama vurugu, ni ushahidi wa nani alizitunza karatasi hizo, kwa kazi gani, na kipi kilikwenda na kipi. Kwa hiyo yape maboksi namba kuanzia 1 hadi 17, piga picha ya kila boksi likiwa limefunguliwa kabla hujatoa kitu, andika lilitoka nyumbani kwa nani au katika chumba gani cha shule, kisha orodhesha kwa ufupi kilichomo, jalada kwa jalada. Umewahi kuwa karani wa shule, kwa hiyo kazi hii unaijua kuliko unavyodhani. Jedwali moja katika kompyuta lenye safu za namba ya boksi, jalada, maelezo, miaka na hali linatosha kabisa kuanzia.

Lakini hata orodha hiyo isikuzuie kufanya jambo ambalo mimi naliweka mbele ya yote, nalo ni majina. Mama mkwe wako ndiye hifadhi iliyo hatarini zaidi katika maelezo yako yote. Karatasi zimeshasubiri miaka hamsini na zinaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi zikiwa pakavu, ilhali mtu mzima mwenye kukumbuka nani alisimama mstari wa pili katika picha ya darasa hawezi kuwekewa ahadi hiyo. Fanya hivi. Chagua picha chache zenye watu wengi, zichapishe kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa wa kutosha, weka namba juu ya kila kichwa, kisha kaa naye mezani na wenzake wawili au watatu waliosoma naye. Usiwe na haraka. Waache wabishane. Wakitofautiana kuhusu mtoto namba 9, andika majina yote mawili na nani alisema lipi na tarehe gani, usiwaamulie. Ile picha ya asili usiiandike kwa kalamu ya wino hata siku moja, kwa maana wino hupenya na shinikizo la kalamu huacha alama upande wa mbele. Ikibidi kuandika kwa nyuma, tumia penseli laini, pembezoni kabisa, ukiwa umeilaza juu ya kitu kigumu.

Majina ya milimani yana mitego yake, na wewe mtu wa Bukavu utaielewa upesi. Kwetu mwanamke anaitwa Mama Furaha mtaa mzima, na ukimtafuta kwa jina hilo katika daftari la shule aliyosoma hutampata. Huko nako watu wazima wenye heshima waliitwa Uncle na Aunt na kila mtu, wawe ndugu au wasiwe. William Creech, aliyetoa ardhi yake ili Pine Mountain Settlement School ijengwe katika kaunti ya Harlan mwaka 1913, anatajwa katika barua nyingi kama Uncle William. Solomon Everidge, ambaye mapokeo ya Hindman, shule nyingine ya milimani ya namna hiyo, yanasimulia kwamba alitembea maili nyingi bila viatu kwenda kuwaomba walimu waje kwa watu wake, anaitwa Uncle Sol, na jina lake la ukoo limeandikwa wakati mwingine Everidge na wakati mwingine Everage. Mtafiti asiyejua hayo atadhani ni watu wawili, au atadhani kila mtu ni mjomba wa kila mtu. Kwa hiyo kila jina liandike pamoja na jina la utani, jina la ukoo la kabla ya ndoa kwa wanawake, majina ya wazazi, na kijito au bonde walikoishi, kwa sababu huko ukoo mmoja unaweza kujaza bonde zima na William wakawa sita. Ukikwama, sensa ya Marekani ya mwaka 1950 itakusaidia. Sheria hufunga majina ya sensa kwa miaka 72, hivyo ile ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022, na inaonyesha kila kaya na watoto wake.

Unapokaa na wazee, rekodi. Hapa ndipo shemeji yako anapoingia na simu yake: aiweke simu mezani karibu na msemaji, azime feni na televisheni, na mwanzo wa kila rekodi ataje tarehe, mahali na majina ya waliopo. Ni vizuri uwe umepata idhini yao kwa maandishi kabla ya kuanza, ikieleza rekodi itatumika vipi na itawekwa wapi. Uliza mambo madogo yanayoshikika: walikula nini asubuhi bwenini, nani aligonga kengele, walilipa karo kwa nini wakati fedha hazikuwapo, kazi ya kila mtoto ilikuwa ipi. Katika shule nyingi za aina hiyo watoto walilipia sehemu ya masomo yao kwa kufanya kazi shambani, jikoni au dobini, na hizo ndizo habari ambazo ripoti za wakurugenzi huzipitia juujuu. Una bahati ya pekee kwa kuwa mjini mwako, katika Chuo Kikuu cha Kentucky, kipo kituo cha historia simulizi cha Louie B. Nunn ambacho kimekuwapo tangu 1973. Wamezoea kuwasaidia watu wa jamii, na wametengeneza programu inayomwezesha msikilizaji kwenda moja kwa moja kwenye dakika ambayo jambo fulani limetajwa. Wapigie simu kabla ya kununua chochote.

Nije kwenye ule ugomvi wa wazee, kwa kuwa pande zote mbili zina haki. Wanaosema karatasi zisitoke mlimani hawasemi kwa ukaidi. Kwa zaidi ya karne moja watu kutoka nje wamekwenda Appalachia kuchukua nyimbo, hadithi, picha za umaskini na makaa ya mawe, na mara nyingi waliobaki hawakuona tena kilichochukuliwa. Cecil Sharp, Mwingereza aliyekusanya nyimbo za kale, alipita Hindman na Pine Mountain mwaka 1917. Mtu aliyekulia katika historia hiyo akiambiwa kwamba chuo kikuu kitamtunzia vitu vyake, ana sababu ya kuuliza mara mbili.

Lakini wanaotaka zipelekwe mahali salama nao wanalijua bonde lao. Hindman Settlement School ilianzishwa 1902 na Katherine Pettit, mwanamke aliyetoka hukohuko Lexington unakoishi, pamoja na May Stone, pale ambapo vijito viwili vya Troublesome Creek vinakutana katika kaunti ya Knott. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2022 mvua ilinyesha mashariki mwa Kentucky kiasi ambacho wazee wa huko hawakuwahi kukiona. Kijito kikapanda, kikaingia majengo ya shule, na sehemu ya nyaraka zake za zaidi ya karne moja ikalowa maji na tope. Usiku huohuo katika mji wa Whitesburg, mto ulifurika ndani ya Appalshop, kituo kilichokuwa kimekusanya filamu, kanda na picha za watu wa milimani tangu 1969. Watu walipoteza maisha na nyumba katika mafuriko yale, na hayo ndiyo makubwa kuliko yote. Hata hivyo mhifadhi nyaraka hawezi kuusahau usiku ule. Faraja kidogo ni kwamba nyaraka za Hindman na za Pine Mountain zilikuwa zimewahi kunakiliwa kwa maikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogo sana za kurasa, ambazo Chuo cha Berea kinazo katika hifadhi yake ya Appalachia, kwa hiyo si kila kilicholowa kilipotea.

Moto nao una habari yake. Shule ya Highlander, iliyoanzishwa 1932 huko Monteagle, Tennessee, ndiko walikosoma wanaharakati wengi wa haki za raia, Rosa Parks akiwa mmoja wao. Machi 2019 ofisi yake kuu, ambayo wakati huo ilikuwa imehamia New Market, iliteketea pamoja na nyaraka zilizokuwemo. Lakini sehemu kubwa ya kumbukumbu zake za zamani ilikuwa imekwisha kupelekwa katika hifadhi ya historia ya jimbo la Wisconsin, mbali sana na Tennessee, na ziko huko hadi leo.

Kwa hiyo rai yangu, na ninaitoa nikiwa na uhakika nayo, ni kwamba karatasi za asili zisikae katika jengo lililo kando ya kijito. Zipelekeni mahali penye watu wa kuzitunza, penye joto na unyevunyevu unaodhibitiwa, na mabadilishano yawe kwamba nakala kamili, nzuri, zilizochapishwa na za kidijitali, zirudi mlimani na zibaki huko mikononi mwa watu wenyewe. Berea ni mahali pa kwanza pa kuuliza kwa sababu eneo hili ndilo shughuli yao tangu zamani na si mwendo mrefu kutoka Lexington. Mkubaliane kwa maandishi na msitie saini fomu ya kwanza mtakayopewa bila kuisoma. Uliza kama mnatoa moja kwa moja au mnaweka amana inayoweza kurudishwa. Uliza nani ataamua ni kipi kifungwe na kipi kifunguliwe, kama mwanafunzi wa zamani na watoto wake watapewa nakala bila malipo, kama taasisi itawaarifu kabla ya kutupa kitu chochote, na maboksi yatakwenda wapi siku taasisi hiyo ikiishiwa fedha. Taasisi njema haikasiriki kuulizwa hayo. Wazee wanaokataa waalikeni waende nanyi siku ya kwanza, waone rafu kwa macho yao, wakae katika chumba cha kusomea. Nimeona zaidi ya mara moja mtu akienda na hasira akarudi na boksi lake mwenyewe ambalo alikuwa amelificha chini ya kitanda.

Kuna jambo la sheria ambalo huwa linasahaulika. Si kila kilichomo katika maboksi hayo ni chenu kukitoa. Baadhi ya shule za bweni za milimani zilianza kama za watu binafsi, kisha zikachukuliwa na kaunti. Pine Mountain, kwa mfano, ilikuwa ya bweni hadi 1949, halafu ikawa shule ya msingi ya jamii kwa kushirikiana na bodi ya elimu ya Harlan hadi 1972. Kama ya kwenu ilipita njia hiyo, madaftari ya mahudhurio na kumbukumbu za vikao za kipindi cha kaunti ni nyaraka za umma, na kabla ya kuyahamisha ni lazima mzungumze na bodi ya elimu ya kaunti pamoja na Idara ya Maktaba na Nyaraka ya Kentucky iliyoko Frankfort. Mtakapokwenda huko mtafute pia yale ambayo maboksi yenu hayana, kwa kuwa mara nyingi ripoti ambazo shule ilizituma kwa kaunti zimebaki upande wa kaunti tu.

Pia kuna siri za watu. Alama za mitihani, barua za daktari, adhabu, taarifa za mtoto aliyeletwa shuleni kwa sababu nyumbani hakukaliki: hizi zisiende mtandaoni kwa sababu tu zimeskaniwa. Tangu 1974 kuna sheria ya taifa inayolinda kumbukumbu za wanafunzi katika shule zinazopata fedha za serikali kuu, na hata pale isipofika, mtu aliye hai ana haki ya kutokuta aibu ya utoto wake imeanikwa. Mimi hupenda kufuata kipimo cha sensa, yaani miaka 72 au zaidi kidogo kwa chochote kinachomtaja mtoto kwa jambo la siri, huku mwenyewe akiruhusiwa kuona cha kwake wakati wowote. Kuhusu hakimiliki, kumbuka kwamba kuwa na barua mkononi si kuwa na haki ya kuchapisha maneno yake. Vilivyochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita viko huru nchini Marekani, lakini barua ambazo hazikuwahi kuchapishwa huhesabiwa kwa uhai wa mwandishi na miaka 70 baada ya kifo chake.

Utunzaji wa kawaida si mgumu. Dari ya nyumba huungua kwa joto la kiangazi na chumba cha chini ya ardhi hutoa ukungu, kwa hiyo chumba cha katikati ya nyumba ndicho bora, chenye nyuzi 18 hadi 20 hivi za Selsiasi na unyevunyevu kati ya asilimia 35 na 50. Toa klipu za chuma, pini na mipira ya kufungia kwa sababu hupata kutu au kuyeyuka. Usitumie selotepu kuunganisha kilichopasuka. Nunua majalada na maboksi yasiyo na asidi kwa vitu vya thamani zaidi, na vingine vitavumilia. Albamu zile za kurasa zenye gundi, zilizopendwa miaka ya 1970, hula picha polepole: ikiwa picha inatoka kwa wepesi itoe, na ikishikilia, ipige picha ikiwa hapohapo na usiivute.

Maji yakiingia, una takriban saa 48 kabla ukungu haujaanza. Karatasi na vitabu vilivyolowa ambavyo huwezi kuvikausha mara moja vitie kwenye mifuko, kidogo kidogo, na uvigandishe katika friza, kwa maana kugandisha kunasimamisha saa. Kanda za sauti na negativu za kioo usizigandishe. Picha zilizolowa na kushikana usizibandue zikiwa zinakauka. Ziache ndani ya maji safi ya baridi mpaka ziachane zenyewe, lakini zisipite siku mbili humo, kisha zilaze chali juu ya kitambaa safi. Andika hayo kwenye karatasi moja na uibandike ndani ya mlango wa kabati, kwa sababu siku ya mafuriko hakuna anayekumbuka alichokisoma.

Baada ya hayo yote ndipo skana iwashwe. Karatasi kwa nukta 400 kwa inchi, picha kwa nukta 600, zihifadhiwe kama faili za TIFF, aina ya faili la picha lisilopunguza ubora, na kanda ziwe WAV, aina kama hiyo kwa sauti. Nakala ndogo za JPEG zitafaa kutuma kwa jamaa. Kila faili lipewe jina lenye namba ya boksi na jalada ili lirudi kwenye karatasi yake, na nakala ziwe tatu, moja kati ya hizo iwe katika mji mwingine kabisa. Mara moja kwa mwaka mtu mmoja, na huyu anaweza kuwa shemeji yako, azifungue kuona kama bado zinafunguka.

Mwisho, someni mlichonacho mkijua kiliandikwa na nani na kwa ajili ya nani. Waanzilishi wengi wa shule hizi walikuwa wanawake wasomi kutoka mijini, na barua zao nyingi ziliandikwa ili kuomba fedha kwa wafadhili wa mbali. Barua ya kuomba huonyesha dhiki kwanza. Ukisoma kwamba watoto walikuja hawajui hata kunawa, mwulize mama mkwe wako nyumbani kwao kulikuwaje, na jibu lake uliweke katika jalada hilohilo, karibu na barua.

Tena angalieni nani hayumo. Mwaka 1904 jimbo la Kentucky lilipitisha sheria ya kukataza Weusi na Weupe kusoma pamoja, sheria ambayo ilikilenga Chuo cha Berea kilichokuwa kikiwafundisha wote, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaiunga mkono mwaka 1908. Kwa hiyo katika picha za shule yenu za miaka mingi mtaona watoto Weupe tu, na mtu asiyejua atadhani milimani hapakuwa na wengine. Walikuwapo. Katika mji wa Lynch, kaunti ya Harlan, ambao kampuni ya makaa ya mawe ilianza kuujenga 1917, familia za wachimbaji Weusi zilikuwa na shule yao hadi 1963, na wanafunzi wake, ingawa wametawanyika hadi Detroit na Cleveland, wameendelea kukutana na kuilinda. Kumbukumbu zao zimekusanywa kwa mradi wa pamoja na Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, ambako wenyewe walikuwa wasemaji wa kwanza. Kwingineko kusini, kati ya 1912 na 1932, zilijengwa shule karibu 5,000 za watoto Weusi kwa mchango wa jamii zenyewe na mfuko wa Julius Rosenwald, na picha za majengo hayo zimo katika Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville.

Mwulize mama mkwe wako kama palikuwa na shule ya namna hiyo katika kaunti yao, ilikuwa upande gani wa mto, na nani alikuwa mpishi, mfuaji au mwashi katika shule yake mwenyewe. Kisha watafuteni watoto wao na muwaulize wanachokumbuka na kama wana picha. Huenda maboksi 17 yakawa 18.